Mkufunzi Mpya Aanze na Karatasi ya Mwanafunzi

Kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza ina jina tofauti kila chuo. Pengine inaitwa Stadi za Mawasiliano, pengine Uandishi wa Kitaaluma, na idara za Kiswahili huwa na kozi zao za utungaji. Lisilobadilika ni kwamba wakubwa wa idara huikwepa, na mzigo humwangukia aliyeajiriwa juzi. Huyo ni kijana aliyemaliza shahada ya kwanza kwa ufaulu wa juu; vyuo vikuu vya umma Tanzania kwa kawaida hutaka wastani usiopungua 3.8 katika kipimo cha 5 ndipo vimpe nafasi ya ukufunzi msaidizi. Anakabidhiwa vikundi vya semina, rundo la karatasi, na muhtasari wa kozi ulioandikwa na mtu aliyekwishahamia kitengo kingine. Marekani, ambako kozi ya namna hii ilizaliwa, hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Harvard iliweka somo la uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mnamo 1885, vyuo vingine vikaiga, na leo katika vyuo vikuu vikubwa vya kule sehemu kubwa ya madarasa hayo hufundishwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaofanya kazi hiyo ili wasomeshwe. Kijana anayetoka huku kwenda kusoma huko anaweza kujikuta amepewa darasa hata kabla hajaizoea baridi.

Mafunzo anayopewa kabla ya kuingia darasani, pale yanapokuwapo, huwa ya siku mbili tatu. Ataelezwa taratibu za chuo, namna ya kuingiza matokeo kwenye mfumo, mavazi yanayofaa, na hatari ya kujihusisha kimapenzi na wanafunzi. Ataonyeshwa jinsi ya kuandaa slaidi. Akibahatika, profesa mmoja atatoa mhadhara juu ya nadharia za ufundishaji, chai itanyweka, vyeti vitagawiwa. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini itakayommalizia muda mkufunzi huyu, usiku na mwisho wa wiki, ni kazi ya kukaa na karatasi ya mwanafunzi, kuisoma, na kuandika pembeni maneno yatakayomwezesha mwenye karatasi kuandika vizuri zaidi mara ya pili. Kazi hiyo hafundishwi na mtu. Hoja yangu kwa wakuu wa idara na waratibu wa kozi ni kwamba mafunzo ya mkufunzi mpya wa uandishi yaanzie hapo, kwenye karatasi yenyewe, na yaendelee muhula mzima.

Nasema hivyo kwanza kwa sababu mkufunzi huyu haji mtupu. Mwaka 1975 mwanasosholojia Dan Lortie, katika kitabu chake kuhusu walimu wa Marekani, alikadiria kwamba kijana anapomaliza sekondari amekwishakaa na walimu kwa takribani saa 13,000. Muda wote huo anawatazama wakifanya kazi, ila anawatazama kutoka kwenye dawati. Anaiona alama nyekundu. Haoni mwalimu alivyosita kabla ya kuiweka, wala kwa nini aliamua kulinyamazia kosa moja na kulikemea jingine. Kwa kijana wa huku saa hizo zimejaa tiki na kosa, “ongeza bidii”, mwongozo wa usahihishaji unaohesabu hoja, na swali la kidato cha sita linalotaka utangulizi, hoja sita na hitimisho. Alifaulu kwa njia hiyo. Akipewa kalamu nyekundu atasahihisha kama alivyosahihishwa, na wala hatajua kwamba anaiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Shelley Reid, Heidi Estrem na Marcia Belcheir, waliowafuatilia walimu wapya wa uandishi kwa miaka mitatu katika vyuo vikuu viwili vya Marekani, ulionyesha jambo linalopaswa kuwakosesha usingizi waandaaji wa semina: walipoulizwa wanaegemea nini darasani, walimu hao walitaja zaidi uzoefu wao wenyewe kuliko yale waliyosomeshwa kwenye kozi ya ualimu. Na hao walikuwa na kozi ya muhula, wala si semina ya siku mbili. Mazoea ya miaka kumi na mitatu hayang’olewi na mhadhara hata ukiwa mtamu namna gani. Yatalegea pale mkufunzi atakapoanza kupata uzoefu mwingine, uliopangwa, wa kufanya kazi hiyohiyo kwa njia tofauti huku wenzake wakimwangalia.

Hapo husikika pingamizi la haraka: huyu si ni mwandishi mzuri tayari? Kama hakujua kuandika, hiyo 3.8 aliipataje? Ni swali la haki, na jibu lake lina pande mbili. Kwanza, alama hizo kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye mtihani. Mgawanyo uliozoeleka Tanzania ni alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na Kenya mtihani huchukua hata 70. Mtihani hauna rasimu ya pili. Kijana anaweza kuwa bingwa wa kujibu swali kwa dakika arobaini na asiwe amewahi hata mara moja kuivunja kazi yake na kuijenga upya baada ya mtu kuisoma. Pili, anayeandika vizuri kwa wepesi mara nyingi hajui anachokifanya. Aya zake zinafuatana kwa sababu amesoma sana tangu utotoni, sikio limezoea, basi. Akikutana na mwanafunzi ambaye aya zake hazifuatani, anachoona ni uvivu au uzito wa akili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kupita hapo.

Dawa ya dhana hiyo ilipatikana New York. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila mhitimu wa sekondari wa jiji hilo, na karatasi zilizoanza kumiminika ziliwatia hofu walimu wengi. Mina Shaughnessy, aliyekuwa akisimamia masomo ya uandishi katika chuo kimojawapo cha mfumo huo, alikaa na karatasi zipatazo 4,000 za majaribio ya kupangia madarasa, akazisoma kwa utulivu, na mwaka 1977 akatoa kitabu chake, Errors and Expectations. Alichokionyesha ni kwamba makosa yana mantiki: mwanafunzi anayekosea anafuata kanuni fulani, ila ni kanuni aliyojitungia, au aliyoihamisha kutoka mahali ilikofaa. Mkufunzi wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda New York kuliona hilo. Mwanafunzi anayeandika Kiingereza na kumwita mama kwa kiwakilishi cha mwanamume ametoka kwenye lugha ambayo “yeye” haulizi jinsia. Mwanafunzi anayeandika Kiswahili na kutia “ambapo” kila baada ya maneno manane anajua kitu muhimu, kwamba sentensi lazima ziungane. Kiungo alicho nacho ni hicho kimoja, basi anakitumia kwa mahali, kwa wakati, kwa sababu na kwa matokeo. Na yule anayerundika hoja sita zisizosalimiana anatii amri aliyopewa miaka miwili mfululizo. Mkufunzi aliyefunzwa kuuliza “huyu alikuwa anafuata kanuni gani?” anasahihisha kwa namna tofauti kabisa na yule anayeuliza “huyu amekosa nini?”

Tuone kwa karibu. Ifuatayo ni aya ya kubuni, lakini yeyote aliyewahi kushika kazi za mwaka wa kwanza ataitambua: “Bodaboda ni usafiri muhimu sana katika jamii yetu ya leo ambapo vijana wengi wamejiajiri. Pia bodaboda husababisha ajali nyingi. Serikali inapaswa kutoa elimu kuhusu suala zima la usalama barabarani. Vilevile bodaboda husaidia wagonjwa kufika hospitali kwa haraka ambapo barabara ni mbovu.” Mkufunzi mpya ataizungushia duara “ambapo” ya kwanza na ya pili. Kando ya sentensi ya kwanza ataandika “Fafanua”. Kando ya ajali: “Ushahidi?” Atapiga mstari chini ya “suala zima la” na kuandika “Maneno ya ziada”. Chini kabisa: “Mpangilio!”, na 5 juu ya 10. Hakuna neno la uongo hapo. Lakini mwanafunzi afanye nini na maneno hayo? Ataondoa “ambapo”, ataongeza “kwa mfano Dar es Salaam” ili afafanue, atafuta “suala zima la”, na kuirudisha aya ileile ikiwa imeoga tu.

Nancy Sommers aliliona jambo hili mwaka 1982 alipochapisha utafiti juu ya maoni ya walimu 35 wa Chuo Kikuu cha New York na Chuo Kikuu cha Oklahoma. Mengi ya maoni hayo yangeweza kung’olewa kwenye karatasi moja na kubandikwa kwenye nyingine bila mtu kugundua. Tena yaligongana yenyewe kwa yenyewe: pembeni mwalimu anamtaka mwanafunzi arekebishe koma katika sentensi, na hapohapo anamwambia aya nzima ifikiriwe upya. Kama aya itafikiriwa upya, sentensi hiyo huenda isiwepo kesho. Koma yake ya nini? Rudi kwenye bodaboda. Neno “Mpangilio!” linamwambia mwandishi aipange upya aya, ilhali yale maduara yanamwambia kwamba sentensi zimekaa, zinataka kupigwa pasi tu. Kwa kuwa kupiga pasi ni rahisi, atapiga pasi.

Sasa linganisha na maoni haya, ambayo ni marefu zaidi lakini ni ya pekee kwenye ukurasa: “Aya yako ina mambo mawili yanayovutana: bodaboda inaua, na bodaboda hiyohiyo inamwokoa mgonjwa kule gari lisikofika. Kipya zaidi umekiweka mwisho, hilo la barabara mbovu. Je, unataka kusema kwamba hatari ya bodaboda ina uzito mmoja mjini na uzito mwingine kijijini? Amua, kisha anza na hapo. Sentensi ya elimu ya serikali uione tena baada ya kuamua. Pengine haitakuwa na kazi.” Mwandishi wa maoni haya amesoma. Hakugusa “ambapo”, na kuna watakaosema amelea kosa. Si kweli. Ameahirisha. “Ambapo” itashughulikiwa katika rasimu inayofuata, wakati sentensi zilizobaki zitakuwa na sababu ya kubaki. Mwanafunzi akishaamua kwamba sehemu ya mwisho ni sababu na si mahali, huenda kiungo sahihi kikaja chenyewe.

Ujuzi wa kuandika maoni kama hayo haupatikani kwa kuambiwa “andika maoni yenye kujenga”. Unapatikana kwa kuyaandika mbele ya watu wanaofanya kazi hiyohiyo. Utaratibu ninaoupendekeza hauna gharama zaidi ya karatasi za kunakilia. Kabla ya muhula kufunguliwa, mratibu achukue kazi chache za mwaka uliopita, kwa ridhaa ya walioziandika, majina yakiwa yamefutwa, na kila mkufunzi apewe nakala ya kazi moja. Wasome kimya. Kila mmoja aandike maoni yake kamili, kama vile mwanafunzi anayasubiri mlangoni. Kisha yasomwe kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila mara liulizwe swali lilelile: mwanafunzi akiyasoma haya, kesho asubuhi atafanya nini? Maoni yasiyozaa kitendo yafutwe au yaandikwe upya palepale. Mratibu naye aandike yake, na yachambuliwe kama ya wengine. Sharti hili la mwisho si la adabu tu. Mkufunzi mpya hajawahi kumwona mwalimu mzoefu akisitasita, akifuta, akibadilisha mawazo juu ya karatasi, na hicho ndicho kilichofichika katika zile saa 13,000. Mratibu anayekuja na maoni yaliyokwishapikwa, akayaonyesha kwa projekta kama mfano wa kuigwa, amekirudisha kitu hicho mafichoni.

Kikao kimoja cha namna hiyo hakitoshi, na hapa ndipo mipango mingi hufa. Kabla ya muhula mkufunzi hana swali, hajui kitakachomshinda. Maswali ya kweli huja kuanzia wiki ya tatu, karatasi za kwanza zinapokuwa mezani: huyu ameandika vizuri mno kuliko anavyozungumza, nifanye nini? Huyu hana hoja kabisa, nianzie wapi? Huyu amenakili nusu ukurasa, lakini anaonekana hajui kwamba hilo ni kosa. Saa moja kila wiki, karatasi mbili kutoka madarasa yao wenyewe, watu wanne au watano mezani. Huko ndiko nadharia ifundishwe pia. Makala ya Sommers akiisoma mtu asiyewahi kusahihisha ataiona ni ya kuchosha. Akiisoma aliyetoka kusahihisha karatasi 60, ataona anasemwa yeye.

Kikao hicho kinatibu na tatizo la alama, ambalo kwa wanafunzi ni suala la haki kabla ya kuwa suala la ualimu. Kozi moja yenye wakufunzi sita ina mizani sita. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake katika taasisi ya mitihani ya ETS, Marekani, waliwapa wasomaji 53 insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wazipange katika madaraja tisa. Wasomaji walikuwa watu wazito wa fani mbalimbali. Insha 94 kati ya kila 100 zilipata madaraja saba au zaidi yanayotofautiana, 101 zilipata madaraja yote tisa, na hakuna hata moja iliyopata chini ya madaraja matano. Uchambuzi ulionyesha kwamba wasomaji hawakuwa wakibahatisha: kuna waliotazama mawazo kwanza, kuna waliotazama sarufi, wengine mpangilio, wengine uteuzi wa maneno, wengine ladha ya uandishi. Kila mmoja alikuwa na msimamo, ila hakuna aliyeutaja. Orodha ya vigezo iliyochapwa na kugawiwa haimalizi tofauti hizo, maana neno “mtiririko” kila mtu atalisoma kwa macho yake. Tofauti hupungua wakufunzi wote wanapoipa alama kazi moja bila kuonyeshana, kisha wakafunua. Atakayeipa 5 na atakayeipa 8 waachwe wabishane mpaka kila mmoja aseme alichokithamini. Semina A na semina B hazitalingana kabisa hata hivyo. Lakini pengo la alama tatu linaweza kushuka hadi moja, na mwanafunzi atakayekuja kulalamika atapata jibu lenye maelezo.

Pingamizi zito kuliko yote ni idadi. Mwenye wanafunzi 200 atasomaje hivyo? Tena huyo ana bahati. Wapo wenye zaidi. Si kilio kipya. Toleo la kwanza kabisa la jarida la English Journal, Januari 1912, lilikuwa na makala ya Edwin Hopkins wa Chuo Kikuu cha Kansas aliyeuliza kama ufundishaji mzuri wa uandishi unawezekana katika mazingira yaliyopo, na jibu lake lilianza kwa “hapana”, kwa sababu ya wingi wa karatasi. Nakubaliana naye kwa kiasi. Ikiwa idara imempa mkufunzi mmoja vikundi kumi na kozi nyingine mbili juu yake, hakuna mafunzo yatakayomwokoa, na mkuu wa idara asitafute semina ya kufunika uamuzi wake wa kugawa kazi vibaya. Lakini chini ya kiwango hicho nafasi ipo, kwa sababu sehemu kubwa ya muda wa kusahihisha huishia kwenye kazi isiyozaa kitu. Mwaka 1983 Richard Haswell alieleza jinsi alivyoacha kuyaandika makosa ya juujuu kwenye karatasi za wanafunzi wake. Aliweka alama tu pembeni mwa mstari wenye kosa, mwanafunzi alitafute na kulirekebisha mwenyewe. Zaidi ya asilimia 60 ya makosa hayo wanafunzi waliyamaliza bila kuambiwa ni nini. Yaani mwalimu alikuwa akiwafanyia kwa wino mwekundu kazi ambayo wengi waliiweza.

Kwa hiyo mkufunzi afunzwe pia kuacha. Kama kozi inadai insha tatu kwa muhula, iwe moja ndefu na moja fupi, na ile ndefu iwe na rasimu mbili. Maoni yote yaende kwenye rasimu ya kwanza, yasizidi matatu. Rasimu ya mwisho ipewe alama na sentensi moja, maana mwanafunzi akishaiona alama hasomi kingine. Wanafunzi kusomeana kazi kunasaidia pale tu walipoonyeshwa namna ya kusoma; wasipoonyeshwa wataandikiana “kazi nzuri rafiki yangu”, na saa imekwenda. Hilo nalo lifanyiwe mazoezi kwenye kikao cha wakufunzi kabla halijapelekwa darasani.

Wapo wanaosema: wanafunzi wetu shida yao ni lugha, wafundishwe sarufi kwanza, hayo ya hoja yatakuja. Mwaka 1963 Braddock, Lloyd-Jones na Schoer walipitia tafiti zilizokuwapo Marekani na kuhitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi, peke yake, hakuinui uandishi kwa kiasi cha kuonekana, na kunaweza hata kudhuru kwa kuwa kunakula muda wa kuandika. Sitalihamisha hitimisho hilo hapa zimazima. Tafiti hizo hazikumhusu mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, na sasa anaandika insha ya chuo kwa Kiingereza ambacho huenda ni lugha yake ya tatu. Huyo anahitaji msaada wa lugha, na mkufunzi anayejifanya haoni anamdanganya. Tofauti yangu na wenye pingamizi hili iko kwenye mahali pa kuchota sarufi hiyo. Mkufunzi akisoma karatasi 40 na kuona kosa moja limejirudia katika 25, achukue sentensi nne kutoka karatasi hizo, aziandike ubaoni bila majina, na dakika kumi na tano za semina zitumike hapo. Wiki ya pili, kosa jingine. Hiyo ni sarufi yenye mteja. Sura ya kitabu kuhusu nyakati zote za kitenzi, inayosomwa kwa zamu, haina mteja. Wanafunzi waliifaulu kidato cha nne na bado wanakosea.

Kuhusu akili mnemba nitasema kidogo, ingawa ndilo jambo linalozungumzwa zaidi kwenye vikao vya idara tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022. Mkufunzi mpya hushawishika kuwa mpelelezi. Anaingiza kazi kwenye programu ya kutambua, programu inasema ni ya mashine, kesi inafunguliwa. Afunzwe kutokuiamini programu hiyo peke yake. OpenAI yenyewe, wenye ChatGPT, waliondoa chombo chao cha kutambua Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford waliyapitisha maandishi 91 ya mtihani wa TOEFL, yaliyoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba za namna hiyo, na kwa wastani zaidi ya nusu ya maandishi hayo yalibandikwa jina la mashine. Hao ndio wanafunzi wetu. Mkufunzi aliyeona mpango wa insha, akaona rasimu iliyoandikwa kwa mkono darasani, akamuuliza mwanafunzi maswali mawili juu ya aya ya tatu, ana ushahidi bora kuliko wa programu yoyote, na ameupata akiwa anafundisha.

Kuna wanaohofia kwamba vikao vya kila wiki vitamnyima mkufunzi uhuru wake wa kitaaluma. Sioni uhuru gani anao mtu aliyeachwa peke yake na rundo la karatasi saa sita za usiku. Hofu yenye msingi ni kikao kugeuka ukaguzi, ambamo mratibu anahesabu nani amechelewesha nini. Yakifika hapo, wakufunzi wataleta karatasi zilizochaguliwa kuficha udhaifu, na kikao hakitafaa kitu. Ufuatiliaji wa ratiba ufanywe siku nyingine, na mtu mwingine ikiwezekana.

Na wewe mkufunzi ambaye idara yako haina mpango wowote wa namna hii, usiusubiri. Tafuta wenzako wawili wanaofundisha kozi hiyo, kubalianeni siku moja ya wiki, kila mmoja aje na karatasi iliyomshinda. Mtakaloanza kuligundua ni kwamba inayokushinda wewe haimshindi mwenzako, na yake haikushindi.

Kwa mratibu na mkuu wa idara, ombi langu ni dogo lakini lina sharti. Saa hiyo moja ya wiki iandikwe kwenye ratiba ya idara na ihesabiwe katika mzigo wa kufundisha wa kila mkufunzi, sawasawa na saa ya semina. Ikiachwa kuwa ya kujitolea, kufikia wiki ya tano chumba kitakuwa kitupu.